Kona Safi

Bi Chapa hajui Kiingereza cha mapenzi. Hawezi kumwambia mtu kwa lugha hiyo kwamba amependeza, wala kumtakia safari njema, wala kumsifia mwenye nyumba kwa chai iliyokolea. Lakini umtake akwambie kwa Kiingereza kwamba kazi yako ni ovyo, basi vuta kiti ukae. Atakupa ovyo za aina arobaini, kila moja na uzito wake, na atakuonyesha tofauti zake kama muuza vitambaa anavyopapasa nguo kwa ncha za vidole.

Maneno hayo yamo kwenye daftari lenye jalada gumu la kijani, kabatini mwake, chini ya mashuka. Yako mia moja thelathini na mawili. Ya mwanzo yameandikwa kwa mwandiko wa msichana mwoga, herufi zimebanana kama zinaomba radhi, na ya mwisho kwa mkono wa mama mtu mzima asiyeogopa kitu. Ukilifungua bila kujua lilikotoka, utadhani mwenyewe alikuwa mtu wa shari na mdomo mchafu. Hata kidogo. Alikuwa mpiga chapa, na mtu mpole kuliko wengi ninaowajua. Kwa miaka zaidi ya thelathini alikuwa na hamu moja ambayo hakumwambia mtu yeyote: bintiye amletee tena karatasi aisome.

Nianzie ofisini, maana huko ndiko mambo yote yalikoanzia.

Aliajiriwa akiwa na miaka ishirini katika ofisi ya viwanja na mipaka, ghorofa ya pili, chumba chenye madirisha matatu ambayo kati yake lilifunguka moja tu. Humo mlikuwa na meza tatu, taipureta tatu nzito za chuma, na wapiga chapa watatu. Mmoja aliitwa Dada Mkubwa kwa sababu ndiye aliyetangulia, wa pili aliitwa Kicheko kwa sababu zinazojieleza, na yeye, mgeni, wakambandika jina la Bi Chapa kabla hata hajapata kiti chake. Kompyuta wakati huo ilikuwa hadithi ya watu waliosafiri. Barua iliandikwa kwa vidole na nguvu za mabega, utepe wa wino ukakuchafua mpaka Jumapili, na karatasi ya kaboni ya kutolea nakala ukiiweka kichwa chini umekwisha, unaanza upya. Mtu akipanda ngazi alisikia taipureta zile kabla ya kufika mlangoni. Hadi leo mvua ikianza kudondoka juu ya bati, Bi Chapa huinua kichwa kidogo, halafu hukumbuka kwamba ni mvua tu.

Mkuu wa ofisi alikuwa mtu mwembamba, mkimya, shati lake limenyooka saa kumi jioni kama lilivyonyooka saa mbili asubuhi. Hakuwahi kumfokea mtu. Alikuwa na penseli nyekundu, na penseli hiyo ilitosha. Utaratibu wake ulikuwa hivi: unapiga barua kwanza kwenye karatasi ya rasimu, tarishi anakuja kuzoa rasimu zote, anampelekea. Akiona kosa, hapigi mstari chini yake, haweki alama, haiti mtu. Anaandika neno moja la Kiingereza kwenye kona ya juu, mkono wa kulia, kisha anairudisha. Kosa utalitafuta mwenyewe. Ndiyo maana wakambatiza Mzee wa Kona.

Neno la kwanza la Bi Chapa lilikuwa “sloppy.” Alilitazama mpaka macho yakamuuma. Alikwenda masjala, kulikokuwa na kamusi kuukuu iliyofungwa kwa uzi, akalitafuta, akakuta maana yake ni kazi ya kulipua, kazi ya mtu aliyekuwa anawaza mambo mengine. Akarudi mezani, akasoma barua ile mara sita, akakuta nambari ya kiwanja imerukwa. Siku hiyo ndiyo aliyonunua daftari la kijani.

Kufikia mwisho wa mwaka alikuwa amejua ngazi zote za kushushwa hadhi. “Careless” lilikuwa la nukta na mkato, halimnyimi mtu usingizi. “Sloppy” lilikuwa la jina, tarehe au nambari. “Shoddy” lilikuwa la kazi nzima, kitu cha kuungaunga ambacho ukikigusa kinaachia. “Slovenly” liliuma zaidi, maana halikusema kazi ni mbaya, lilisema wewe mwenyewe hujijali. “Feeble” lilikuwa la barua iliyonyooka kila mahali lakini haina uti wa mgongo. Na “abysmal,” yaani shimo lisilo na mwisho, alilipata Kicheko mara moja tu, alipopiga rasimu ya kumpa mtu kiwanja alichokuwa amenyimwa. Alilia choo kizima kikasikia, halafu akacheka, halafu akaliandika kwa kalamu kwenye kiganja akamwonyeshe mumewe.

Walijifunza kucheka nayo, la sivyo wangekimbia kazi. Saa ya mapumziko waliulizana habari za maneno kama watu wengine wanavyoulizana habari za watoto.

“Shoga, leo umepata nini?”

“Nimepata ‘feeble.’”

“Pole. Mimi nina ‘shoddy’ ya moto moto, bado inafuka.”

“Hamjambo nyinyi,” Dada Mkubwa angesema. “Mimi nina ‘slovenly’ na nimeoga.”

Wakaanza kuyagawa. Feni iliyozunguka pale ilipotaka yenyewe ikawa “pathetic,” yaani ya kusikitisha. Ngazi iliyovunjika kona ikawa “shoddy.” Hotuba ya mgeni rasmi iliyokula saa mbili ikawa “drivel,” yaani udenda, na Kicheko alitolewa nje kwa kucheka.

Lakini kulikuwa na siku nyingine. Siku ambazo tarishi alirudisha rasimu na kona haina kitu. Karatasi nyeupe tu, kama ilivyotoka kwenye pakiti. Hapo taipureta zote tatu zilinyamaza. Karatasi ilipita mkono kwa mkono, Dada Mkubwa akaitazama, Kicheko akaitazama, na mmoja wao akasema kwa sauti ya chini, “Kona safi.” Basi. Hakuna aliyepiga makofi. Kisha unatia karatasi nzuri na kaboni, unapiga nakala ya mwisho, na nakala ya kaboni ukitaka unabaki nayo. Bi Chapa aliwahi kupata kona safi siku kumi na moja mfululizo, na hadi leo ukimuuliza umri wake hupiga hesabu kuanzia mwaka huo.

Kicheko, ambaye hakujaliwa breki mdomoni, siku moja alimuuliza mkuu mwenyewe. “Mzee, kazi ikiwa nzuri, mbona huandiki neno?”

Mzee wa Kona akamtazama kana kwamba ameulizwa kwa nini maji yana unyevu. “Penseli ni ya makosa,” alisema. “Kazi nzuri hainihitaji.”

Ningekuwepo ningemwambia jambo. Ningemwambia kwamba kumvika mtu kilemba cha ukoka ni kitu kimoja, na kumwambia ahsante ni kitu kingine kabisa, na mtu mzima anajua tofauti. Lakini sikuwepo, na Bi Chapa aliyekuwepo aliyachukua maneno yale kama yalivyo, akayatia moyoni, akaenda nayo nyumbani.

Nyumbani alikuwa na mume fundi bomba, mtu wa maneno mengi na haraka kidogo, na binti mmoja. Mume aliyafurahia matusi yale kupita kiasi. “Mke wangu ananiponda kwa Kiingereza,” aliwaambia mafundi wenzake. “Nyinyi wake zenu wanawaponda kwa lugha gani?” Binti alipofika miaka minane akaanza kuleta daftari la insha jikoni, na mama akatoa penseli nyekundu, aliyoinunua kwa kazi hiyo. Aliandika neno kwenye kona, akamrudishia. Mtoto alikaa chini, ulimi umemtoka pembeni, akatafuta kosa lake. Mwanzoni ulikuwa mchezo. Akiwa na miaka kumi alimwambia babake kwamba mfereji aliotengeneza ni “shoddy,” na kweli, usiku wake ukaachia.

“Mke wangu,” fundi bomba alisema siku moja, mtoto akiwa ameenda kulala na uso umemshuka, “huyo ni mtoto. Si barua ya kiwanja.”

“Namfundisha.”

“Unamfundisha, sikatai. Lakini mbona hujawahi kumwambia amefanya vizuri?”

“Akifanya vizuri ataona mwenyewe,” akasema Bi Chapa, na aliamini hivyo kwa moyo wake wote.

Mwaka ambao binti alitimiza miaka kumi na mitatu alileta insha ya kurasa mbili kuhusu sanduku la vifaa la babake. Mama aliisoma amesimama, mwiko mkononi. Ilieleza jinsi kila spana ilivyo na kitanda chake ndani ya sanduku, na jinsi mtoto anavyojua baba amerudi na hali gani kwa sauti ya sanduku tu: akilitua kwa kishindo, kazi imekwenda vizuri, na akilitua polepole, taratibu, kama mtu anayelaza mgonjwa, basi siku ile usimwombe kitu, mletee maji. Bi Chapa alikuwa ameishi na sanduku lile miaka kumi na mitano na hakuwahi kulisikia. Akaisoma tena akitafuta kosa. Hakuliona. Sufuria ikaungua.

Kesho yake aliibeba ofisini, na saa ya mapumziko akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani: alipiga insha ile kwenye karatasi ya serikali. Alitaka tu kuiona ikiwa kwenye herufi za chapa. Alikuwa bado anaitazama wakati Dada Mkubwa alipomwita dirishani kidogo, na alipogeuka, tarishi alikuwa amekwisha kuzoa meza. Rasimu zote, na sanduku la fundi bomba katikati yake, zimekwenda kwa Mzee wa Kona.

Mchana ule ulikuwa mrefu. Kicheko alimwambia ajikaze, kufukuzwa kazi si kufa, na hilo halikumsaidia. Saa tisa na nusu tarishi akarudi na kuweka rundo mezani. Bi Chapa alifunua karatasi moja moja. “Careless.” “Careless.” “Sloppy.” Halafu insha ya bintiye, kurasa zote mbili, zimeshikizwa kwa pini mpya, na kona haina kitu. Alipoinua macho alimwona mkuu amesimama mlangoni, mahali ambapo hakuna aliyewahi kumwona amesimama. Alimtazama Bi Chapa kitambo kidogo, akaitikia kwa kichwa, akaenda zake.

Insha ilipita mkono kwa mkono. Dada Mkubwa aliisoma mpaka mwisho, akavua miwani akaifuta, na haikuwa na vumbi. “Kona safi,” alisema. Bi Chapa alitia karatasi nzuri na kaboni, akapiga nakala ya mwisho bila kukosea hata herufi moja.

Jioni alirudisha insha ya mkono kwenye mfuko wa shule wa mtoto. Aliinyoosha kingo, akaiweka juu ya vitabu vyote, kona yake safi ikitazama juu. Hakuandika neno. Alikuwa amejaa furaha mpaka hakuweza kula, akangoja mtoto aje kujivuna mbele yake. Mtoto hakuja. Hakusema kitu siku ile wala kesho yake, na tangu wiki ile hakuleta tena karatasi jikoni. Bi Chapa alijiambia ameiva. Amefaulu, hanihitaji tena, ndivyo inavyotakiwa iwe. Alijiambia hivyo kwa muda mrefu, ingawa mara nyingi saa ya jioni alijikuta amefuta meza ya jikoni mara mbili na kukaa.

Basi miaka ikaenda. Mzee wa Kona alistaafu akaondoka na penseli zake. Kompyuta zikaja, taipureta zikashushwa ngazi na wanaume wanne huku wakiguna, na chumba kikawa kimya hata Kicheko akaanza kunong’ona. Wakastaafu mmoja mmoja. Fundi bomba akafariki, na sanduku lake likabaki nyuma ya mlango, hakuna anayelitua. Binti akawa mwalimu, akaolewa mtaa wa mbali, akawa mtoto mwema kwa kila hesabu: alipiga simu kila Jumapili, alileta dawa, aliuliza habari za magoti. Ila mazungumzo yao yaliishia hapo kwenye magoti. Mambo yake ya ndani hakuyafungua, na mama hakujua mlango uko wapi ili abishe hodi.

Jumamosi moja, saa nane mchana, binti alikuja bila kupiga simu. Nywele zake zilikuwa zimeanza mvi. Alikaa mezani jikoni, mahali pake pa zamani, akatoa bahasha ya kaki, akaishika kwa mikono miwili.

“Mama, nimeandika kitabu cha hadithi za watoto. Kidogo tu. Wachapishaji wanakitaka Jumatatu.” Akaigeuza bahasha. “Sijamwonyesha mtu. Nikasema, kabla sijakipeleka.”

“Lete,” alisema Bi Chapa, na sauti ilitoka kavu kuliko alivyotaka.

Binti akainuka, akaenda kuosha vikombe ambavyo vilikuwa safi. Mama akavaa miwani. Alisoma kama alivyozoea, kidole kikienda chini ya kila mstari, kurasa arobaini na mbili. Penseli nyekundu ilikuwa kwenye kopo mezani, mahali pake pa siku zote, na hakuigusa. Katika hadithi ya tano kulikuwa na sanduku la vifaa lililokuwa likizungumza, na hapo ilimbidi avue miwani akae kidogo. Maji ya bomba yalikuwa bado yanamwagika. Alipomaliza aligonga kingo za karatasi mezani mpaka zikalingana, akazirudisha juu ya bahasha, kona ikitazama juu. Alikuwa na furaha ambayo hakuwa nayo tangu siku ya pini mpya.

Binti alikausha mikono, akaja, akatazama ukurasa wa kwanza. Akatazama kona. Akafunua wa pili, na wa tatu. Uso ukamshuka, ule ule wa utotoni, Bi Chapa akautambua na asielewe.

“Haya,” binti akasema, akianza kuzirudisha karatasi kwenye bahasha. “Ahsante, mama.”

“Haya nini?”

“Si kitu.”

“Mwanangu, haya nini?”

Binti hakumtazama. “Hata neno, mama. Kama ile ya sanduku la baba. Afadhali zile za ‘sloppy,’ angalau nilijua umesoma. Ile niliiandika wiki nzima. Nikaikuta juu ya vitabu, haina kitu. Nikangoja siku tatu useme, hata uniponde tu. Nikaona basi, hata tusi sistahili.”

Bi Chapa alikuwa na maneno mia moja thelathini na mawili, na hakuna hata moja lililomfaa. Alielewa yote kwa pamoja, na yakamwingia kama maji ya baridi mgongoni: kwamba wapiga chapa watatu ndio waliojua maana ya kona safi, na hakuna aliyewahi kumwambia mtoto.

Aliinuka, magoti yakamlilia, akaenda kabatini. Aliinua mashuka, akarudi na daftari la kijani, na kutoka ndani ya jalada la nyuma akatoa karatasi mbili nyembamba za nakala ya kaboni, maandishi yake ya samawati yamefifia, bado zimeshikwa na pini iliyoota kutu.

“Soma,” alisema.

Binti akasoma mstari wa kwanza, akamtazama mamake. “Hii nani aliipiga?”

“Mimi. Kwa karatasi ya serikali, Mungu anisamehe. Tarishi akaizoa na barua, ikafika kwa mkuu. Nikajua kazi imekwisha. Akairudisha na kona safi, mwanangu. Yule mzee hakuwahi kumwambia mtu kazi yake ni nzuri, kona safi ndiyo ilikuwa sifa yake, hakuwa na nyingine. Tukaisoma ofisi nzima. Dada Mkubwa alilia. Mimi nilishindwa kula kwa furaha. Nikakurudishia kama nilivyorudishiwa mimi, nikadhani unajua.” Akapumua. “Hukujua. Ungejuaje, na mimi sikusema? Nimekukosea, mama. Nimekukosea miaka yote hii.”

Binti alisoma kurasa zile mbili mpaka mwisho, polepole, na alipofika pale pa kulaza mgonjwa alifunika macho kwa kiganja. Bi Chapa hakujua afanye nini na mikono yake, akafuta meza. Bomba la jikoni, ambalo fundi wake hayupo tena, likawa linadondosha tone moja moja.

Kisha binti alinyoosha mkono kwenye kopo, akachukua penseli nyekundu, akamwekea mamake mbele, na kando yake akasogeza insha ya sanduku.

“Andika,” alisema.

Bi Chapa aliishika penseli. Kazi hii hakuwahi kuifanya. Kwenye kona ya juu, mkono wa kulia, kwa herufi za msichana mwoga wa miaka ishirini, akaandika neno moja la Kiswahili ambalo hakulitafuta kwenye kamusi: “Nzuri.”

Binti akainama akalisoma. Alikuwa analia na kucheka pamoja, kama Kicheko siku ile ya shimo.

“Moja tu, mama?”

Bi Chapa akafikiri kidogo, akaongeza “sana,” kisha akavuta bahasha ya kaki upande wake, akalamba ncha ya penseli, na kuanza na ukurasa wa kwanza.